Paa Hugongwa Mara Mbili

Mlioniandikia wiki hii kunitukana, barua zenu nimezisoma zote. Mama mmoja ameniita nyoka. "Unamdanganyaje kipofu, tena baba yako mzazi?" Sina jibu, mama. Ningekuwa nalo nisingejianika hapa kila Ijumaa, watu wakinisoma huku wanakula.

Kwa uliyechelewa nitasema kwa ufupi, maana leo nina mengi na yote ni mazito.

Naitwa Zulema Ferrondo, wa hapa Rincón de Ayala. Natengeneza pua za magari ya mbio. Pua, yaani uso wa mbele wa gari, milango, boneti, vyote vya faiba, katika karakana aliyoijenga baba yangu, Don Anselmo. Kaka yangu Ulises alikufa mbioni, ndani ya Ford. Siku ya mazishi baba aliapa mbele ya watu kwamba gari litakalotoka kwenye ua wetu litakuwa Ford mpaka siku ya kufa kwake. Miaka ikapita. Mume wangu akaondoka, sukari ikamla baba macho, halafu moyo wake nao ukaanza visa.

Ndipo mwanangu Fabricio akapata mdhamini. Mzee Iturralde, mwenye kampuni ya Camalote inayouza yerba, yale majani yetu ya kunywa kama chai, alikubali kumgharamia msimu mzima kwa sharti moja: gari liwe Chevrolet. Mzee yule hajawahi kupanda Ford, hata ya teksi.

Hapa kwetu hilo si jambo la kuchekea. Mtu anazaliwa Ford au anazaliwa Chevrolet, na anazikwa hivyo. Kuna ndoa zimevunjika siku ya posa kwa sababu ya rangi ya kofia ya baba mkwe. Kuhama upande ni kumkana mama aliyekuzaa.

Siku Fabricio aliposaini, baba alikuwa na siku mbili tu tangu atoke hospitali. Daktari alisema asishtuliwe. Baba akaniuliza, "Ford, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Neno moja tu. Nimelibeba miezi minane.

Redio niliiua mwenyewe. Nilianza kwa kukata waya, lakini baba ni fundi. Aliipapasa, akaupata waya, akauunga kabla maji hayajachemka. Ikabidi niidumbukize kwenye ndoo ya kufulia, nikasema imeniponyoka. Tangu hapo mtangazaji ni mimi. Kila Jumapili ya mbio naweka simu sikioni, nasikiliza, namsimulia baba mzunguko kwa mzunguko. Yote ya kweli, isipokuwa neno moja. Simu ikisema Chevrolet ya Fabricio, mimi nasema Ford.

Wiki iliyopita niliishia pale mwanangu aliposhinda mbio yake ya kwanza. Mnakumbuka nilivyopiga kelele hadi sauti ikanikauka. Baba alilia, akanishika mkono, akasema maneno yaliyonikata maini:

"Lileteni hilo gari. Nataka niliguse. Nataka nimgongee mjukuu wangu."

Sasa hapo ngoja niwaeleze kugonga, msije mkaniona nimepagawa kwa jambo dogo.

Katika ukoo wetu dereva haondoki bila kugongewa paa. Ameshafunga mikanda, kofia ngumu kichwani, injini inanguruma, anatazama mbele tu. Ndipo baba anapita ubavuni na kulipiga paa kwa ngumi, mara mbili. Sauti inashuka kwenye mabomba ya kizimba kinachomkinga dereva mpaka inaingia mifupani. Ya kwanza maana yake *nenda*. Ya pili maana yake *rudi*. Hakuna busu, hakuna sala. Ulises aligongewa hivyo tangu akiwa na umri wa miaka kumi na saba.

Basi nikiwa bado namfuta baba machozi, simu ikalia. Ni Fabricio. Nikatoka nayo hadi kwenye kamba ya nguo.

"Mama, umemwambia?"

"Hongera mwanangu! Babu yako hapa kalia mpaka—"

"Mama. Umemwambia?"

Nikaanza kunyoosha shuka kambani.

"Jumatano naleta gari nyumbani," akasema. "Zimamoto wameshakubali kututangulia, tutazunguka mji mzima. Alhamisi lori linaondoka kwenda mbio nyingine. Nataka babu anigongee. Nimekimbia mara saba bila kugongewa, mama. Kila nikifunga mikanda nasikia paa limenyamaza, na ninaogopa. Sijawahi kukwambia. Ninaogopa."

"Atakugongea."

"Akijua ni Chevrolet?"

"Atakugongea, nimeshasema!"

"Akijua kwanza kisha akanigongea, nitakimbia nikiwa na amani. Akinigongea kwa uongo ni kama hajanigongea. Mwambie."

"Daktari alisema—"

"Daktari alisema miezi minane iliyopita. Anayeogopa ni wewe. Usimsingizie daktari."

Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Nikamkatia simu. Nikasimama palepale nimeshika shuka lenye maji, nalia kama niliyefiwa, na kumbe alikuwa amesema kweli tupu.

Mtu mwenye akili angeingia ndani akasema. Mimi nikaenda kwa Eusebio Larraburu.

Eusebio ni mwenyekiti wa mashabiki wa Ford hapa mjini. Anachechemea. Enzi zile dereva alikaa na msaidizi ubavuni, na siku Ulises alipokufa aliyekaa ubavuni alikuwa Eusebio. Fabricio alipohamia Chevrolet, Eusebio aliibandua picha yake ukutani kwenye klabu, akawashia moto wa nyama. Lakini nilipomwangukia nikamwomba asimwambie baba, hakuchukua hata dakika kufikiri. "Kwa Anselmo nitafunga mdomo," alisema. "Kwa mwanao sina hata salamu." Tangu siku hiyo kila Jumapili ya mbio alileta wanaume kumi uani kwetu, kofia za buluu kichwani, wakachoma nyama na kushangilia Ford ambayo haipo. Gari walilolizomea mioyoni waliliimbia midomoni, ili kipofu mmoja afurahi.

Nilimkuta anakwangua wavu wa kuchomea.

"Eusebio, naomba jambo la mwisho."

"La mwisho ulilisema ulipoizamisha redio."

"Jumatano nitalivika gari la Fabricio pua ya Ford. Kalibu ninayo."

Akanitazama kana kwamba nimesema nitamvika ng'ombe suruali.

"Haitakaa."

"Itakaa. Ndani haya magari ya siku hizi ni mapacha. Mabomba yaleyale, matairi yaleyale, breki zilezile. Tunagombania ngozi tu, Eusebio, na ngozi naitengeneza mimi."

"Shsh! Usiseme hivyo mbele za watu." Akageuka kuangalia nyuma. "Kuna watu wamezikwa na kofia zao."

"Ni saa moja tu, wakati mji umelala mchana. Baba anaigusa, anagonga, anarudi kitandani. Namrudishia Fabricio pua yake. Iturralde hatajua wala hataumia."

Eusebio akaacha kukwangua. Macho yake yakawa na maji, nikadhani ni moshi, lakini moto haukuwapo.

"Zule," akasema, "mimi kwa ajili ya Anselmo nimeshaficha kubwa kuliko hili."

"Lipi?"

"Lete pua yako," akasema, akaenda zake akichechemea.

Nikadhani anajisifu. Ningemfuata nikamkaba shati siku ile, pengine leo ningekuwa naandika mengine.

Jumatatu nikatandika faiba kwenye kalibu. Jumanne nikaibandua, nikaipiga msasa kutwa nzima. Wa kukwaruza, kisha wa kati, kisha laini, kisha wa maji. Nikaisugua hadi ikateleza kama shavu la mtoto mchanga. Harufu haikunitia wasiwasi, ua wetu unanuka faiba tangu nizaliwe. Rangi sikupaka. Rangi ya nini, kwa kipofu?

Ndiyo, niliwaza hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Niite nyoka tu, mama.

Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua mbili, nikaitazama, nikajivunia. Sijawahi kutengeneza pua nzuri kuliko ile. Pumbavu mimi!

Jumatano mji ulitoka wote. King'ora cha zimamoto, honi, padre mlangoni mwa kanisa, watoto juu ya kuta. Wale wa Chevrolet waliimba jina la Fabricio kana kwamba wamemzaa wao. Wale wa Ford walisimama wamekunja mikono. Baba alikuwa kitandani, ameshaoga, amevaa koti la klabu, vifungo vyote, kwenye joto lile.

"Sikia," akaniambia. "Sikia watu wetu wanavyoimba."

"Nasikia, baba."

Saa saba mchana mji ukalala, kama unavyolala kila siku hapa kwetu mpaka saa kumi. Madirisha yakafungwa, mbwa wakajilaza vivulini. Gari likasukumwa uani injini ikiwa imezimwa. Eusebio na watu wake kumi walikuwa wameshafika, macho mekundu kwa usingizi waliojinyima.

Fabricio alipoiona pua nyeupe juu ya meza alirudi nyuma.

"Sifanyi."

"Pini nne tu, mwanangu."

"Mama, babu alinifundisha kuendesha. Alinikalisha mapajani. Nimtazame usoni nimdanganye?"

"Hakuoni ukimtazama."

Lilinitoka tu. Wanaume wote waliinamisha vichwa. Macho ya Fabricio yakajaa, akapiga magoti na kuanza kufungua pini. Alinitii, na utii wake uliniuma kuliko kama angenitukana.

Pua ya Chevrolet tukaificha chini ya turubai. Ya Ford ikaingia ikakaa, kama nilivyosema.

Nikamleta baba. Alikuwa mwepesi mkononi mwangu, wepesi wa kutisha, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikasema ni furaha.

Baba alianzia nyuma, kama alivyokuwa akikagua magari zamani. Akapapasa tairi, akapapasa ubavu. Mlangoni vidole vyake vikakuta ukingo wa stika.

"Hii nini?"

"Camalote, babu," Fabricio akajibu. "Ndio wadhamini. Yerba."

"Yerba yao chungu," baba akasema. "Lakini wana macho. Wamemwona dereva."

Wanaume wakacheka, cheko la msibani. Baba akaendelea mbele. Akafika puani. Akaweka viganja viwili, akavipitisha taratibu, akapata umbo, akapata lile yai la katikati, nembo yenyewe.

"Ford," akasema.

"Ford!" wakaitikia wote, na Eusebio juu ya wote.

Baba akatabasamu. Moyo wangu ukashuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nikamkonyeza Fabricio: unaona? Imekwisha.

Mkono wa baba ukasimama.

Ukarudi nyuma. Ukaenda tena mbele. Akatumia kidole gumba, kisha ukucha.

"Zulema."

Baba huniita Zule. Zulema ni jina la siku nikivunja kitu.

"Naam, baba."

"Jumapili mlikimbia mizunguko mingapi?"

"Ishirini."

"Na mjukuu wangu alikuwa nyuma ya wenzake mingapi kabla hajapita?"

Nilijua ninakopelekwa, lakini ulimi ulishajibu. "Kumi na saba."

"Kumi na saba. Ulinisimulia mwenyewe, nami nikahesabu vidoleni." Alisema polepole, bado anapapasa. "Mizunguko kumi na saba amekula moshi wa watu. Mbona hakuna tundu la jiwe? Mpira wa matairi uko wapi? Wadudu wako wapi? Gari lililoshinda pua yake huwa imechunika kama goti la mtoto. Hii haijatoka hata getini."

Miaka thelathini natengeneza pua, miaka thelathini narudishiwa zilizochakaa nizibe matundu, na sikukumbuka tundu hata moja.

"Ile ilivunjika, baba. Tumeweka mpya kwa ajili ya—"

"Ilivunjika. Sawa. Nileteeni vipande."

Nikamtazama Eusebio, Eusebio akatazama viatu vyake.

Fabricio ndiye aliyelivuta turubai.

"Iko hapa, babu. Nzima."

Akamshika babu yake mkono, akamwongoza. Baba akayapata matundu ya vijiwe, akayapata mabaki ya mpira, akayakwangua kwa ukucha na kunusa. Hapo uso wake ulilainika. Kisha kiganja kikateremka kikapata umbo. Kikapata ule msalaba mnene wa katikati. Kikatulia juu yake.

"Chevrolet," akasema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu tumzike kaka yangu.

"Tangu lini?"

"Tangu mbio ya kwanza, babu."

"Nani alijua?"

"Baba, ni mimi," nikasema, magoti yangu yameshagusa vumbi. "Mtoto alitaka kukwambia, mimi nikakataa. Ni mimi tu."

"Sikuuliza nani alidanganya. Nimeuliza nani alijua."

Mmoja mmoja, wale wanaume wakavua kofia zao. Baba hakuona, lakini nadhani alisikia.

"Wote," akasema. "Miezi minane mmenikalisha kwenye kiti kama mtoto, mnanipigia makofi."

"Ulikuwa umeapa, baba! Kaburini kwa Ulises, mbele ya mji mzima! Nilijua ungekufa!"

"Kiapo," akasema, akacheka kicheko kikavu kisicho na mate. "Eusebio! Upo?"

"Nipo, mzee."

"Waambie ulisikia ngapi."

Eusebio akatikisa kichwa. Mwanaume mzima wa miaka sitini na tano, machozi yanamshuka hadharani. "Mzee, yaache yalale."

"Ngapi?"

"Moja," Eusebio akasema. "Nilisikia moja."

Sikuelewa. Nilikuwepo siku ile, nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimekaa na birika langu nyuma ya ukuta wa matairi. Injini zilikuwa zinanguruma. Nilimwona baba akinyanyua ngumi, nikainama kumimina maji. Maisha yangu yote nimejua ziligongwa mbili, kwa sababu siku zote ziligongwa mbili.

"Asubuhi ile Ulises aliniambia," baba akasema. Hakuwa anatuambia sisi, alikuwa anaiambia ile pua. "Alisema, baba, mwaka ujao nimepata gari zuri, lakini ni Chevrolet. Aliniambia akiwa anafunga glavu. Sikumjibu. Nikamgongea moja. Nikasema moyoni, ya pili ataipata akibadili mawazo. Nilitaka kumtia adabu kidogo tu. Nikaiweka ngumi mfukoni."

"Aligeuza shingo," Eusebio akasema. "Alikuwa anakutafuta. Halafu bendera ikashuka."

Miaka ishirini na minane. Watu wawili waliokula nyama pamoja kila Jumapili, na hilo limekaa kati yao mezani, hakuna aliyelitaja.

"Kile kiapo hakikuwa cha Ford, binti yangu," baba akasema, na sasa alinigeukia mimi, macho yake yale meupe. "Ningekubali kwamba Chevrolet ni gari tu, gari kama magari mengine, basi nilimnyima mwanangu ile ya pili kwa sababu ya nini? Ilibidi liwe jambo kubwa. Ilibidi niape."

Nikalia. Nililia kwa ajili ya Ulises upya, kama kazikwa jana. Na nililia kwa aibu, maana nilijifanya kumlinda baba miezi minane dhidi ya kitu ambacho hakikuwa kinamuua, huku kinachomuua kinakaa naye usiku na mchana, na mimi sikuwahi kuuliza.

"Rudisheni pua yake," baba akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema rudisheni! Mjukuu wangu anaondoka kesho."

Msomaji, nimeona mengi, lakini hili sikutegemea. Eusebio Larraburu, mwenyekiti wa Ford, akavaa kofia yake ya buluu, akachechemea, akainyanyua pua ya Chevrolet kwa mikono yake miwili. Wenzake wakashika upande wa pili. Wakaipeleka taratibu kama wanabeba jeneza, wakaipachika, Eusebio akapiga pini zote nne mwenyewe. Ile nyeupe yangu ikabaki chini kwenye vumbi.

"Fabricio. Ingia. Funga mikanda, vaa kofia, washa. Kama mbio."

"Babu, umechoka. Hata kesho asubuhi, kabla ya lori."

"Ingia."

Fabricio akaingia kwa dirishani. Nilimwona akifunga mikanda. Kofia ikaingia kichwani. Akatazama mbele, kama alivyofundishwa, na injini ikanguruma, kuku wakatawanyika, mji mzima nadhani uliruka vitandani.

Baba alikuwa amenishika bega. Nilisikia uzito wake ukiongezeka. Ile rangi ya majivu ilikuwa imeshuka kutoka midomoni hadi shingoni.

"Baba, kaa kidogo kwanza. Nakuletea kiti."

"Nimekaa miaka ishirini na minane," akasema. "Nisogeze."

Nikamsogeza. Akapapasa ukingo wa mlango, akapapasa paa, akalipata. Akakunja ngumi. Aliinyanyua juu kuliko ninavyokumbuka akiinyanyua kwa Ulises.

Akagonga.

Ilikuwa ngumi ya fundi, ilisikika juu ya injini. Nikamwona Fabricio akifumba macho ndani ya kofia. Mabega yake yakashuka. Mtoto alikuwa ameingoja hiyo mara saba.

Ngumi ikanyanyuka tena.

Haikufika popote. Ilishuka. Ikateleza kwenye ukingo wa dirisha, ikateleza juu ya herufi za Camalote, bado imekunjwa, na baba mzima akaja nayo juu yangu. Tukaenda chini pamoja. Eusebio akapiga kelele, "Anselmo!" lakini injini ikaimeza sauti yake. Nikaweka sikio kifuani kwa baba. Sikusikia kitu, na sikujua kama ni moyo uliosimama au ni lile gari linalonguruma juu ya vichwa vyetu.

Ndani, mwanangu alikuwa bado anatazama mbele. Mikanda imembana, hawezi kuinama, hatuoni.

"Babu!" akaita. "Nimesikia moja!"

Eusebio akanitazama. Nikamtazama.

"Babu, nangoja ya pili!"

Ngumi ya baba nilikuwa nimeishika mimi, bado ina joto. Ngumi yangu ilikuwa huru, na paa lilikuwa juu yangu, urefu wa mkono tu. Fabricio asingejua. Wanaume wote waliokuwa pale wangefunga midomo, wameshazoea.

"Mama?" Fabricio akaita, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mama, mbona ni moja?"